Mstaafu Anayenyonyesha

Nina miaka thelathini na moja, nina mtoto anayenyonya, na nimestaafu. Msinicheke kabla sijamaliza. Ninaandika haya nikiwa kitandani kwetu Kamalondo, kompyuta ya shemeji juu ya mto, Plamedi kwenye ziwa la kushoto, na kila akivuta kwa nguvu mimi naruka herufi. Bwana Crispin, mkuu wetu wa wafanyakazi, amesema kila anayestaafu katika nyumba yetu ya biashara lazima awaachie vijana kumbukumbu zake za kazi. Bila karatasi hizo faili langu halifungwi. Lisipofungwa, sipati kile ninachokitaka, nacho ni kimoja tu: kiti changu, pale karibu na dirisha, mbele ya mashini yangu, yaani kompyuta ya kazini. Kiti hicho nimenyang'anywa bila kosa, bila onyo, bila hata mtu kunikasirikia. Ningekuwa nimeiba ningeelewa.

Kwa hiyo, Nicole na Dodo, ninyi mliobaki kwenye chumba cha ripoti, someni. Bwana Crispin, najua unasoma na wewe. Soma tu. Vyeo na mishahara sitavigusa, havikuwa vya kusimulia.

Nilianza na diploma ya sekondari na viatu vya kuazima. Patron Muhindo, bosi wetu, ambaye alishuka hapa mjini kutoka Kivu Kaskazini na kamyo moja, yaani lori, na Biblia moja, alikuwa amekwisha kuwa na kamyo nyingi na Biblia ileile. Anauza kwa jumla, mnajua: maharagwe, mchele, mafuta, sabuni, biskuti. Depo moja Kamalondo, moja Luano karibu na uwanja wa ndege, moja njia ya Kasapa kwa ajili ya wanafunzi wa chuo kikuu. Nilidhani nimeajiriwa kupiga chapa. Hakuna aliyeniambia kwamba nimeajiriwa kufua.

Siku ya kwanza nilipewa mashini isiyokuwa na herufi A. Kitufe kilikuwa kimeng'oka, limebaki shimo. Jaribuni kuandika Kiswahili bila A, halafu mje mniambie habari za ugumu wa maisha. Jirani yangu wa meza alikuwa Yaya Faustin, mwembamba kama waya, amesoma mambo ya kompyuta chuoni pale Kasapa, anakula biskuti za sampuli tangu asubuhi, na makombo yake yote yanaingia kwenye mashini. Namwita Yaya kwa sababu ndivyo tunavyomwita kaka au dada mkubwa, si kwa sababu ya hekima. Alinipa njiti ya kiberiti.

"Unachoma mu shimo. Pole pole. Iko A pale chini, inalala tu."

Nilichoma A kwa njiti ya kiberiti miaka yote hiyo. Mashini nyingine zilikuja, nilizikataa. Dodo, nasikia sasa wewe ndiye unayeichoma. Usitumie njiti yenye kichwa, inaacha rangi.

Siku hiyohiyo Faustin alinifundisha kazi nzima, na sijawahi kufundishwa kitu kingine cha maana baada ya pale. Alinirundikia karatasi za mauzo kutoka depo zote tatu akaniuliza:

"Clarisse, unafulaka nguo?"

"Nafulaka, Yaya."

"Unapigaka pasi mbele ya kufula?"

"Miye niko mujinga?"

"Basi. Hii karatasi yote iko nguo ya buchafu. Kwanza kufula, kisha pasi, kisha kuvaa. Bantu bote banapenda paka kuvaa, kuvaa tu."

Kuvaa ni ile tablo ya rangi mnayoiona ukutani: nguzo, mistari, keki za duara, vitu vya kumfurahisha Patron na wageni wake. Kupiga pasi ni ripoti. Kufua ni kuzisafisha habari kabla hazijaingia popote, na huko ndiko utakakomaliza ujana wako. Sukari peke yake ilikuwa imeandikwa sukari, sukali, sucre, SUCRE YA ZAMBIA, na "ile nyeupe". Mashini haijui kwamba ni kitu kimoja. Kwake yeye tunauza vitu vitano, na hicho cha "ile nyeupe" kinakwenda vizuri kuliko vyote, maana Papa Anaclet, karani wa Luano, alikuwa akiandika hivyo hata chumvi.

Papa Anaclet huyo alikuwa na kalenda yake. Kwenye nafasi ya tarehe aliandika: "Siku ile ndege haikuya." Nikampigia simu.

"Papa Anaclet, ndege haikuya siku gani?"

"Mwanangu, siku ndege haikuyaka iko mingi. Unataka ile gani?"

"Ile uliuzisha mafuta!"

"Ah, ile! Ile njo siku mvua ilinyesha."

Msimcheke Papa Anaclet. Hakukosea hata mara moja. Ukijua mvua ilinyesha lini, tarehe yake ni safi kuliko za kwenu. Ila mashini haina dirisha.

Kuhusu rangi, jambo moja. Programu yetu ya kwanza ya tablo ilikuja na desturi zake: kizuri kijani, kibaya chekundu. Patron alikuwa amepaka kamyo zake zote nyekundu. Kwa muda mrefu kila tukimwonyesha depo inayokufa alikuwa akipiga makofi. "Kasapa iko muzuri sana! Angalia, yote nyekundu!" Faustin alikuwa akinitazama, mimi nikitazama biskuti. Mwishowe tulibadilisha: kibaya kikawa cheusi, kama kilio. Hapo alielewa mara moja, akaanza kulala vibaya.

Usingizi mbaya kuliko wote ulitoka Kamalondo. Tablo ilionyesha kwamba pale wateja wanapotea. Kila mwezi nguzo nyeusi ya "wateja waliopotea" inarefuka, na kando yake nguzo ya "wateja wapya" inarefuka vilevile, lakini Patron hakuitazama hiyo ya pili, kwa sababu kilio kinavuta macho. Akasema depo ya Kamalondo ifungwe, watu wanatukimbia, labda ni uchawi, labda ni sabuni.

Nikasoma majina ya waliopotea. La kwanza: Ya Mado, yaani Yaya Mado, jirani yetu. Nikashika kichwa.

"Yaya Faustin, Ya Mado hakupotea. Alizala!"

"Sasa kuzala inaingia namna gani mu sabuni?"

Hapa ndipo nilipojua kwamba Faustin alikuwa bado kijana wa kukaa peke yake. Kwetu mwanamke akizaa, jina lake la usichana linawekwa kabatini. Jana alikuwa Ya Mado, leo ni Mama Josué, na ukimwita Ya Mado tena mbele za watu anaweza kukuuliza kama hukumwona mtoto. Wateja wetu wa Kamalondo ni wanawake wanaouza rejareja mbele ya nyumba zao. Wakifika depo wanasema jina wanaloitwa. Karani anaandika. Mashini inaona Ya Mado amenyamaza, inamlilia. Inaona Mama Josué ametokea, inamkaribisha. Mtaa mzima ulikuwa unazaa, na sisi tulikuwa tunaandika matanga.

Tulitembea mimi na Faustin barabara kwa barabara, nyumba kwa nyumba, nikiuliza: mama, mbele ya mutoto balikuwa banakuita nani? Walicheka, walitupa viti, walitupa maji, Faustin alibebeshwa watoto mpaka shati likalowa. Tukarudi na majina ya zamani na mapya, tukayaunganisha, na nguzo nyeusi ikashuka kama ugonjwa uliopona. Depo haikufungwa.

Hadithi ingeishia hapo kama Faustin asingependa usafi. Akiisha kuonja kuunganisha majina, hakuweza kujizuia. Kila jina lililofanana na jingine alilifanya moja. Na Kamalondo, anayezaa mapasa, yaani watoto wawili kwa mara moja, anaitwa Mama Mapasa, basi, imekwisha, hana haja ya jina lingine. Baada ya wiki chache tablo ikamtoa mteja bora wa nyumba nzima, mwanamke wa ajabu, ananunua unga, mafuta, sabuni na biskuti kuliko maduka makubwa: Mama Mapasa.

Patron akanunua friza ya kumtuza. Akaita kwaya ya parokia. Akavaa suti. Mbele ya depo, watu wamejaa, mshereheshaji akapaza sauti: "Tunaomba Mama Mapasa akuye hapa mbele!"

Walisimama watano.

Kila mmoja na mapasa wake: wengine mgongoni na kifuani, wengine wanatembea, wawili wamevaa sare za shule. Kwaya ikaendelea kuimba kwa sababu hakuna aliyeiambia inyamaze.

"Faustin," Patron akasema kwa sauti ndogo, "Mama Mapasa ni nani?"

"Patron... bote."

"Miye njo Mama Mapasa," mmoja akasema, "mapasa yangu iko ya kwanza mu hii barabara!"

"Weye? Mapasa yako hata meno haina!"

"Meno inaingia wapi? Banatoa friza ju ya meno?"

"Yangu iko ya mwanaume na mwanamuke, ile njo mapasa kamili!"

Patron alimaliza kwa namna yake: akasema friza ni ya wote watano, na akatoa sala ndefu sana mpaka hasira zikapoa. Friza ile iko mpaka leo mbele ya depo, wanauza maji baridi kwa zamu, na kila mmoja ananiambia pembeni kwamba wale wengine wanne wanampunja barafu. Sisi tukatengeneza kadi za wateja, kila mmoja na namba yake. Jina litabadilika apendavyo Mungu, namba inabaki. Nicole, Dodo, likumbukeni hili: mashini inaweza kumkata mwanamke mmoja vipande viwili, na inaweza kuwashona wanawake watano wakawa mmoja, na yote mawili inayafanya bila kutoka jasho.

Kilichonimaliza mimi, hata hivyo, si kwamba mashini ilikosea. Ni kwamba baada ya pale ilianza kusema kweli. Kadi zilipoingia, tablo ikatuonyesha kwamba wanafunzi wa Kasapa mwanzoni mwa mwezi wananunua biskuti na samaki wa kopo kama mabalozi, na mwezi ukizeeka wananunua unga na chumvi kama watawa. Patron alikuwa akiwapelekea kila kitu sawasawa, biskuti zinavunjika ghalani. Tukamwambia ajaribu kufuata tablo. Akajaribu kwa shingo upande. Biskuti zikaisha, unga ukaisha, ghala likabaki tupu la kufagia. Tangu siku hiyo Patron alianza kuitazama tablo asubuhi kabla ya kusali. Miaka yote tulikuwa tumemwomba aiamini. Akaiamini. Sasa ngojeni muone nani alikuja kuilipia imani hiyo.

Patron alitaka tablo kwa kila kitu: kamyo, matairi, mwishowe wafanyakazi. Kwa hiyo ya wafanyakazi akaleta fundi kutoka Kinshasa, kijana mwenye manukato, aliyeshuka Luano asubuhi na akapaa tena kabla hatujajua jina lake la pili. Kijana alifanya kazi nzuri, siwezi kusema uongo. Kila mfanyakazi ana mstari wake, na kwenye mstari kuna mahali pa kuchagua hali yake. Hali zilikuwa nne: yuko kazini, amefukuzwa, amestaafu, amekufa. Na kwa kuwa nchi hii ina marehemu wengi wanaoendelea kuchukua mshahara, kijana aliweka kufuli: ukishaandikwa umefukuzwa, umestaafu au umekufa, huwezi kurudi. Hata Lazaro mwenyewe angetoka kaburini akaambiwa asante, tumekwisha kukufunga.

Mimi wakati huo nilikuwa na mimba. Nilifanya kazi mpaka tumbo likaanza kubonyeza vitufe kabla yangu. Nikaomba konje ya uzazi, yaani likizo, Bwana Crispin akatia sahihi, akanipa mkono, akaniombea. Nikaenda kuzaa. Naye akakaa mbele ya tablo mpya kuniandika. Aliitafuta hali ya aliyekwenda kuzaa. Haipo. Zipo nne tu, na mashini inamngoja, kile kimstari kinawaka na kuzima.

Baadaye alinieleza alivyofikiri, na ninaandika maneno yake kama yalivyo, ili mtoto wangu ayajue.

"Mama, kuandika 'iko ku kazi', ile ni bongo, ni uongo, hauko ku kazi. Kukufukuza, hapana, uko muntu ya heshima. Kukuua, Mungu akataze. Ilibakia paka retrete, kustaafu tu. Nilichagua ile ya heshima."

Mnaona? Alinistaafisha kwa mapenzi.

Mimi sijui kitu. Niko nyumbani, Plamedi ana wiki chache, nimefungwa tumbo kwa kitambaa, ninakunywa uji. Kwetu watu wa kazini wanakuja kumwona mtoto, wanaleta sabuni, poda, nepi. Basi walipobisha hodi, Bwana Crispin mbele na tai, nyuma yake dereva na wasichana wawili wa kaunta, nilifurahi, nikampaka Plamedi mafuta. Dodo, wewe ulikuwa unaumwa siku hiyo. Nicole ulikuwa Luano. Faustin alikuwa safarini. Ningekuwa nanyi mngenikonyeza.

Walifungua mfuko. Ikatoka saa ya ukutani yenye picha ya Patron. Kikatoka kitenge cha rangi ya udongo, rangi ya mama mkwe. Halafu dereva akatoka nje kwenye gari akarudi na fimbo ya kutembelea. Nzuri, imepigwa msasa, imechongwa kichwa cha ndege.

"Hii ni ya nani?" nikauliza.

"Ni yako, mama. Ku bantu ba retrete njo tunapanaka."

Nikamwangalia Plamedi. Akapiga mwayo. Mama mkwe wangu, aliyekuwa kwenye kona, akainuka, akaichukua fimbo, akazunguka nayo chumba kizima.

"Hii iko muzuri. Miye njo nitatumika nayo. Clarisse, usibishe na bantu, kazi yako iko ya muzuri sana, banaaga na zawadi!"

Nilimwomba Bwana Crispin anitazame vizuri. Nikamwuliza nimezeeka wapi. Akasema si yeye anayesema, ni tablo. Nilimfukuza, na ninasikitika kidogo tu, kwa sababu wale wasichana hawakumaliza soda zao.

Nilipomaliza siku zangu za konje nilimfunga Plamedi mgongoni nikaenda kazini. Mlinzi wa getini, ambaye nimemletea mandazi tangu alipoanza, aliniambia kadi yangu haifungui. "Ba retrete banaingiaka Ijumaa, mama, ju ya salamu." Nikapita chini ya mkono wake.

Bwana Crispin alikuwa mezani. Nikamwambia: rudisha mstari wangu. Akasema kufuli. Nikamwambia: mpigie yule kijana wa Kinshasa. Akapiga mbele yangu, sauti ya mwanamke ikatuambia kwa Kifaransa kizuri kwamba namba haipatikani. Nikazunguka meza kutazama mwenyewe, na nilichokiona ndicho kilichonipandisha damu kuliko yote. Mstari uliokuwa umefunguliwa haukuwa wangu. Ulikuwa wa Nicole. Nicole, ambaye konje yake ya uzazi inaanza mwezi ujao. Kimstari kinawaka na kuzima, mkono wa Bwana Crispin uko juu ya panya ya kompyuta, na orodha ni ileile ya hali nne.

"Bwana Crispin, toa mukono."

"Mama, nilikuwa naangalia tu."

"Toa mukono! Unataka kumaliza bazazi bote ba hii nyumba? Fimbo ingapi munabakia nazo kule mu stoo?"

Akautoa. Nikaenda kwa Patron, na Faustin, aliyesikia sauti yangu tangu chumba cha ripoti, akanifuata na biskuti mkononi.

Patron alifurahi kuniona, na hilo ndilo lililoniudhi. Alimbeba Plamedi, akambariki, akasema masikio ni ya baba yake. Kisha akageuka kutazama ukuta. Pale ukutani, kwenye tablo ya wafanyakazi, kulikuwa na keki ya wastaafu tangu tablo hiyo ianze. Duara zima, rangi moja, kipande kimoja: mimi. Kwa mujibu wa keki ile, wastaafu wote wa nyumba yetu ni wanawake, wote wanakaa Kamalondo, na wote wananyonyesha.

"Clarisse, mutoto wangu," Patron akasema, "miye ninakuona. Lakini tablo haikuone."

"Patron, mutu anasimama mbele yako, unauliza ukuta?"

"Ni weye ulinifundisha. Ulisema: Patron, wacha kufuata roho, fuata tablo."

Ilikuwa kweli, nilisema hivyo, na ningesema tena, kuhusu biskuti. Plamedi akaanza kulia, nikamchukua, nikakaa kwenye kiti cha wageni nikamnyonyesha hapohapo, Patron akageukia dirisha kwa adabu. Akiwa amenipa mgongo nikamwambia:

"Patron, siku ya friza, tablo ilisema Mama Mapasa ni mumoja. Mbona haukutoa friza ku mumoja?"

"Walisimama watano! Niliona na macho."

"Basi geuka uone na macho."

Hakugeuka, kwa sababu ya ziwa. Lakini mabega yake yalianza kucheka. Akasema, "Ile siku, Faustin... 'Patron, bote'!" Na Faustin naye akacheka, makombo yakaruka. Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa nangoja kiti.

Ndipo Faustin alipoeleza. Kufuli liko ndani ya programu ya yule kijana, hatulifungui. Mimi kama Clarisse Ngoie nimekwisha, sirudi mpaka ufufuo. Lakini ile orodha ya hali iko kwenye faili letu wenyewe, mstari wa tano unaweza kuongezwa leo. Na kuhusu mimi: Clarisse Ngoie amestaafu, sawa. Lakini tangu nizae, nani mtaani ananiita Clarisse? Mashini haimjui Mama Plamedi. Mama Plamedi anaweza kuajiriwa.

"Kama Ya Mado," nikasema.

"Kama Ya Mado. Muteja mumoja alipotea, mupya alifika."

Patron alikubali yote mawili. Kwa ule mstari wa tano, Bwana Crispin alitaka tuandike "Kutokuwepo kwa muda kwa sababu za kifamilia zilizothibitishwa". Nikamwambia andika: "Amezaa, atarudi." Alisema si lugha ya utawala. Nikamwambia ndiyo maana itaeleweka. Nilisimama nyuma yake mpaka alipomaliza kuandika, na sikuondoka mpaka nilipomwona Faustin akiujaribu kwa jina la uongo, jina likienda kuzaa, likirudi kazini, likienda, likirudi. Nicole, nenda kazae mwanangu. Kiti chako kitakungoja. Ukisikia hodi na ukaona fimbo, nipigie.

Ila Bwana Crispin ana taratibu zake, na hizo hazikosi. Mfanyakazi mpya haingii mpaka aliyemtangulia kwenye kiti kile amkabidhi kazi kwa maandishi, na mpya atie sahihi kwamba amesoma. Aliyetangulia ni mimi. Mpya ni mimi. Nilimwuliza kama naweza kujiambia tu kwa mdomo, njiani kuja kazini. Akasema hapana, lazima karatasi. Kisha nitakuwa katika majaribio ya miezi mitatu, chini ya usimamizi wa Dodo, niliyemfundisha mimi kutofautisha nguzo na keki. Dodo, nitakuita Shefu, ukinionyesha mahali pa herufi A nitakuchoma na njiti.

Basi haya ndiyo makabidhiano. Fueni kabla ya kupiga pasi. Mvua ikinyesha mpigieni Papa Anaclet. Msimwonyeshe Patron kitu chekundu. Mkiona mtu amepotea kwenye tablo, kabla ya kulia nendeni mkabishe hodi kwake, labda amezaa. Na mkiandika orodha yoyote ya hali za binadamu, ongezeni mstari mmoja kuliko mnavyodhani inatosha.

Clarisse Ngoie, mstaafu.

*

Nimepokea makabidhiano na nimeyasoma yote. Mama aliyeyaandika anaonekana ana hasira nyingi, lakini kazi anaijua. Nitaanza Jumatatu. Fimbo naomba nisipewe tena, tunayo.

Mama Plamedi, mfanyakazi mpya.